Kilosa, Mikumi na Swali la Wapi pa Kulea Watoto

Kila zama ina swali lake la kuhama. Kizazi cha wazazi wetu kiliuliza kazi iko wapi, kikaelekea Dar es Salaam, Tanga au kwenye mashamba makubwa ya mkonge. Kizazi cha sasa, hasa cha watumishi wa umma na wasomi wenye watoto wadogo, kimeanza kuuliza swali la kinyume: tutoke jijini twende wapi, mahali ambapo mtoto ataweza kwenda shule kwa miguu, kiwanja kitanunulika kwa mshahara, na jiji litaendelea kufikika?

Swali hili lina sababu zake. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, juu ya barabara na mifereji ambayo haikuongezeka kwa kasi hiyo. Kisha, tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati, familia nyingi za watumishi zimegawanyika: mzazi mmoja yuko Dodoma, mwingine yuko Dar es Salaam na watoto. Katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kuyaunganisha majiji hayo mawili, na njiani, baada ya Morogoro, ipo stesheni ya Kilosa. Kusini yake, kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, ipo Mikumi. Haishangazi, basi, kwamba majina ya miji hii miwili yanatajwa sana katika mazungumzo ya ofisini.

Siandiki haya kama mtazamaji. Mimi na mke wangu tuna watoto watatu na mshahara wa mwalimu wa chuo kikuu, na swali hili tumelijadili mezani kwetu kwa muda mrefu. Tumekwenda Kilosa na Mikumi mara kadhaa, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Kila tuliyemwomba ushauri alitupa orodha ileile: angalieni maji, umeme, shule, hospitali na bei ya kiwanja. Orodha hiyo ni ya lazima, lakini ina upungufu mmoja. Inauonyesha mji ulivyo siku ile uliyoutembelea. Haionyeshi mji huo unawatendea nini wakazi wake pale bei ya zao inapoanguka, mto unapojaa au njia inapohamishwa. Kwa hayo tunahitaji historia.

Hoja yangu ni kwamba Kilosa na Mikumi ni miji iliyozaliwa na njia. Kila mara ilijengwa ili kuhudumia kitu kinachopita kwenda kwingine. Familia inayotaka kutulia humo inapaswa kuuliza: kila njia ilipopita, waliobaki waliachiwa nini?

Bonde la wapitaji

Kabla ya reli kulikuwa na njia ya misafara. Mto Mkondoa, ambao wasafiri wa Ulaya waliuandika Mukondokwa, umechonga mlango katika milima ya Usagara, na misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji iliufuata mlango huo kwa sababu ulikuwa na maji na chakula. Burton na Speke walipita upande huo mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Katika maandishi yao bonde linasifiwa kwa rutuba. Hata hivyo, wenyeji hawakuitumia rutuba hiyo kwa namna ambayo mgeni angetarajia. Katika karne hiyo ya biashara ya watumwa, Wakaguru na Wasagara wengi walijenga milimani, mbali na njia kuu, ingawa ardhi bora ilikuwa chini. Kwao, mahali pazuri pa kulea mtoto palikuwa pale ambapo mtoto hataibwa. Huo ndio uamuzi wa kwanza wa makazi ya familia tunaoujua katika eneo hili, na ulikuwa uamuzi wa kuikwepa njia.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara akikusanya alama za machifu kwenye karatasi za mikataba. Msowero, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Kilosa, ni mojawapo ya mahali alipofanya hivyo. Tarehe 27 Februari 1885 karatasi hizo zilipewa nguvu kwa hati ya ulinzi ya mfalme wa Ujerumani. Nawakumbusha wanafunzi wangu mara kwa mara kwamba ukoloni wa Kijerumani katika nchi hii ulianza na karatasi ya ardhi iliyotiwa alama na mtu ambaye hakuelezwa maana yake. Yeyote anayekwenda Kilosa leo na fedha mkononi akitafuta ekari zake anapaswa kulijua jambo hilo kabla hajasaini chochote.

Reli, mkonge na makambi yasiyo ya familia

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa, palipokuwa tayari na kituo cha utawala wa Kijerumani, ikawa mji wa stesheni. Agosti 1916 majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliutwaa, na utawala mpya ukaendeleza kile ulichokikuta. Kuanzia Kimamba hadi Rudewa, uwanda ulio mashariki ya mji ukajaa mkonge, na reli ikaupeleka bandarini.

Mashamba ya mkonge yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo wilayani, na wenyeji waliokuwa na mashamba yao ya chakula hawakuwa na haja kubwa ya kukata mkonge. Kwa hiyo wafanyakazi waliletwa kutoka mbali: Unyamwezi, Ubena, Buha, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, iliyowasafirisha watu kwa mikataba. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba, na siku zao za kazi zilihesabiwa kwenye kipande. Kwa sehemu kubwa makambi yao yalijengwa kwa ajili ya wanaume wasio na wake wala watoto pale walipo. Gharama ya kumzaa mfanyakazi, kumlea na kumtunza uzeeni iliachiwa kijiji alikotoka. Shamba lilinunua miaka ya nguvu zake tu.

Jambo hili linagusa swali letu moja kwa moja. Tunaposema mji fulani ni rafiki kwa familia, tunamaanisha kwamba mji huo umejengwa ukimhesabu mtoto, mama mjamzito na mzee. Sehemu kubwa ya uchumi wa Kilosa ya kikoloni ilijengwa ukiwatoa hao kwenye hesabu. Hata hivyo manamba wengi hawakurudi kwao. Walioa, walilima, walizikana, na wajukuu wao ndio wakazi wa Kimamba na Rudewa wa leo. Ndiyo maana katika wilaya hii utasikia majina ya kila pembe ya nchi, na mgeni haulizwi sana kabila lake. Ukarimu huo ninauhesabu kuwa mali kubwa ya Kilosa, na haukuletwa na mwenye shamba yeyote.

Kisha bei ikaanguka. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikiongoza duniani. Nyuzi za viwandani zikaingia sokoni na mkonge ukapoteza wanunuzi. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba, lakini utaifishaji haukuweza kurudisha bei. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa chini ya tani 40,000. Ukitembea Kimamba leo unaona bado alama za utajiri ule: maduka ya zamani yenye kuta nene, maghala, na nyumba zilizojengwa kwa matumaini ya miaka mia. Mji ulioegemea zao moja ulibaki na majengo, na vijana wake wakaondoka.

Mikumi, mji wa barabara

Mikumi ni mji mchanga zaidi. Jina lake linatokana na mikumi, ile mitende mirefu iliyoenea katika eneo hilo. Barabara ya Morogoro hadi Iringa ilipoboreshwa katika miaka ya 1950, wawindaji waliwafikia wanyama kwa urahisi, na hofu ya kuwamaliza ilichangia kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi mwaka 1964. Hifadhi ilipanuliwa mwaka 1975, na leo ina kilomita za mraba 3,230. Wakati huohuo kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi, na reli ya tawi kutoka Kilosa ikapitishwa Mikumi hadi Kidatu.

Kilichoukuza mji zaidi ni siasa za kusini mwa Afrika. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupitisha shaba na mafuta. Bomba la TAZAMA lilianza kusafirisha mafuta mwaka 1968, na barabara ya Tanzania hadi Zambia ikawekwa lami. Malori yakaanza kupita Mikumi usiku na mchana, na hayajakoma. Nyumba za wageni, migahawa, gereji na maduka yaliota kando ya lami kwa ajili ya mtu anayelala usiku mmoja na kuondoka alfajiri.

Sisemi hili kwa kuibeza Mikumi. Mji una hospitali ya Mtakatifu Kizito, una chuo cha VETA kinachowapa vijana ufundi, uko karibu na mashamba ya miwa ya Ruhembe, na mgeni mwenye biashara ndogo hupata wateja haraka kuliko Kilosa. Kwa familia inayotegemea biashara au utalii, Mikumi inaweza kuwa jibu sahihi. Lakini mzazi ahesabu pia gharama. Barabara kuu ndiyo uti wa mgongo wa mji, na watoto wengi huivuka kwenda shule. Ndani ya hifadhi kuna vidhibiti mwendo na faini kwa anayemgonga mnyama, kwa kilomita zipatazo 50. Mzazi wa Mikumi ana haki ya kudai kwamba mtoto wake alindwe kwenye barabara ileile kwa bidii isiyopungua hiyo. Tembo nao hawasomi mipaka ya ramani. Wakulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi hulala mashambani kulinda mazao yao. Na uchumi wa usiku wa mji wa malori huwafunza vijana mambo ambayo mzazi asingependa wayajue mapema.

Mto unaokumbuka

Turudi Kilosa, kwa kuwa huko kuna jambo ambalo dalali hatakuonyesha wakati wa kiangazi. Stanley aliporudi pwani mwaka 1872, mvua za Aprili zilikuwa zimeufurisha mto, na aliandika juu ya vijiji vilivyosombwa bondeni na mbuga ya Mkata iliyogeuka ziwa. Miaka 137 baadaye, mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mkondoa ulivunja kingo zake. Zaidi ya watu 20,000 walipoteza makazi, wengi wakaishi kwenye mahema. Reli ya Kati iliharibiwa vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa miezi kadhaa abiria wa Tabora, Kigoma na Mwanza walilazimika kuanzia safari Dodoma. Januari 2014 ilikuwa zamu ya Dumila na Magole, upande wa kaskazini wa wilaya, ambako maji yaliikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma.

Kati ya tarehe hizo mto ulikuwa mtulivu, na utulivu ndio unaouza viwanja. Mji wa Kilosa unakingwa na tuta, na tuta ni kazi ya umma inayohitaji kutazamwa kila mwaka. Likisahauliwa kwa miaka kumi hakuna anayeona tofauti, mpaka usiku mmoja. Misitu ya milimani ikikatwa, mchanga unajaza mto, na maji yanatafuta njia yao ya zamani. Historia ya mahali hapa haimkatazi mtu kuhamia. Inamwambia ajenge juu, na ajue kwamba usalama wa sebule yake utategemea bajeti ya halmashauri na mkulima wa mlimani ambaye hajawahi kukutana naye.

Ardhi ya nani?

Suala zito zaidi ni ardhi. Mashamba ya mkonge yalipokufa, hati hazikufa nayo. Maelfu ya ekari yalibaki mapori yenye wamiliki wasioonekana, huku vijiji vilivyobanwa kati ya mashamba hayo vikiongezeka watu. Wafugaji Waparakuyo na Wamasai, waliozoea kutumia uwanda wa Mkata, nao walibanwa kati ya mashamba, ranchi na hifadhi. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Tukio hilo huelezwa mara nyingi kama uadui wa makabila. Ukiisoma ramani ya ardhi ya wilaya utaona maelezo mengine: watu wa maisha mawili tofauti walisukumwa kugombea kipande kilichobaki baada ya mkoloni, na baadaye dola na wenye hati, kuchukua vyao.

Katika miaka ya karibuni Serikali imefuta baadhi ya hati za mashamba yasiyoendelezwa, na matumaini ya vijiji yamefufuka. Ni katika wakati huohuo wasomi wa mjini tunafika na akiba zetu tukitafuta ekari tano za kustaafia. Tukiwa mmoja mmoja hatuna madhara. Tukiwa elfu, na kila mmoja akiwa na binamu halmashauri, tunaweza kuwa wenye mashamba wapya wasioonekana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye sauti. Karatasi ya kuuziana iliyosainiwa na mtu mmoja chini ya mwembe haitoshi kisheria. Nathubutu kusema haitoshi hata kimaadili, na Msowero ya 1884 inatosha kutuonya.

Uamuzi

Kwa hiyo mtu afanye nini? Nitasema tulichoamua sisi, kwa kuwa mwandishi anayewashauri wengine bila kujifunga mwenyewe hufaa kidogo.

Tumechagua Kilosa. Reli ya kisasa inatuwezesha kuyafikia majiji mawili bila kuishi katika lolote. Ilonga, karibu na mji, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha tangu zama za ukoloni na chuo cha ualimu. Mjini kuna hospitali ya wilaya na chuo cha matabibu. Mji wenye walimu, watafiti na matabibu wanaofundishwa hapohapo una akiba ambayo haiondoki bei ya zao inapoanguka. Hiyo ndiyo tofauti kubwa niliyoiona kati yake na Mikumi, na kati ya Kilosa ya leo na Kimamba ya mkonge.

Hatujanunua kiwanja. Tutapanga nyumba kwanza, kuanzia Novemba hadi Mei, ili tuone vuli na masika kwa macho yetu na tujue maji yanasimama wapi. Watoto wataandikishwa katika shule ya umma. Nafahamu kwamba wengi wenye uwezo hupeleka watoto wao shule ya bweni ya mbali na kuuacha mji na shule isiyo na msemaji. Mji mdogo ambao wasomi wake hawana watoto katika shule zake hauwezi kuwa rafiki kwa familia, hata ukiwa na hewa safi kiasi gani. Na tutahudhuria mikutano ya kitongoji, kwa sababu hapo ndipo habari za tuta, mifereji na mpango wa viwanja hujadiliwa, au hunyamaziwa.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa nina ombi moja. Stesheni mpya huvuta walanguzi kabla ya kuvuta huduma. Halmashauri inayopima viwanja, kutenga njia za maji na kulinda ardhi ya vijiji kabla ya wimbi hilo itakuwa imefanya kile ambacho misafara, mkonge na malori havikuwahi kufanya: kumweka mtoto kwenye hesabu tangu mwanzo. Ikichelewa, treni itapita kama zilivyopita njia nyingine, na Kilosa itabaki na majengo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo hunukuliwa kumkaribisha mgeni, lakini ndani yake mna sharti: kuja kwake kumponye mwenyeji. Anayefikiria kuhamia Kilosa, Mikumi, au mji mdogo wowote wa nchi hii, na ajiulize kwanza mwenyeji wake atapona nini.